Koki ya boya ya shaba yenye tundu dogo: miezi kumi na minne juu ya tenki la nyumbani, Iyunga, Mbeya

Kwa miezi kumi na minne sasa tenki langu la lita 1,000 limekuwa likifungwa na koki ya boya ya shaba niliyoinunua kwa shilingi 22,000 katika duka moja la vifaa vya maji huko Mwanjelwa. Kabla yake nilinunua koki mbili za plastiki, kila moja kwa shilingi 7,000, na zote mbili zikaanza kuvujisha kabla hazijatimiza mwaka. Naandika tathmini hii kwa ajili ya mtu ambaye, kama mimi wakati ule, amesimama mbele ya kaunta akiwa na koki mbovu mkononi na haelewi kwa nini moja inauzwa mara tatu ya nyingine ilhali zote zinafanya kazi ileile. Kilichonifanya niridhike na hii niliyo nayo ni tundu lake dogo, mkono wake mrefu na raba inayobadilishika. Hiyo shaba yenyewe naiweka nafasi ya nne.

Neno lenyewe lina mtego wake. Mafundi wetu hukiita kifaa hiki kizima boya, lakini baadhi ya wauzaji wakisikia boya huleta tufe tupu la plastiki, lile linaloelea, bila koki yake. Kifaa kizima hufanya kazi hivi: maji ya tenki yakipanda hunyanyua tufe, tufe hunyanyua mkono, na mkono huibana raba kwenye tundu linaloingiza maji hadi yakome. Nimewahi kurudi nyumbani na tufe. Ni afadhali kuomba koki ya boya ya nusu inchi, na kuonyesha kwa mikono ikibidi.

Ubovu wa koki ya boya ni wa kimyakimya. Koki ya jikoni ikivuja utaisikia, lakini hii ya tenki humwaga maji usiku kupitia bomba la ziada, lile la kutolea nje maji tenki likizidi kujaa, watu wakiwa wamelala, na asubuhi presha ikishuka hufunga kana kwamba haikutenda lolote. Mimi niligundua mwezi Septemba, nilipoona ukuta wa nyuma una utelezi wa kijani wakati mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha Mei. Saa tano usiku nikakinga chupa ya lita moja chini ya bomba la ziada, nayo ikajaa kwa dakika nne. Hizo ni lita 15 kwa saa. Na tukihesabu saa nane tu, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, tunapata lita 120 kwa usiku mmoja, yaani lita 3,600 kwa mwezi. Uniti moja kwenye ankara ya maji ni lita 1,000, kwa hiyo nilikuwa nalipia uniti tatu na nusu kila mwezi kwa ajili ya kunywesha ukuta. Asiyetaka kukesha na chupa anaweza kusubiri tenki lijae, ahakikishe hakuna anayetumia maji wala koki ya uani iliyo wazi, kisha aangalie kile kigurudumu kidogo kwenye dira ya maji: kikizunguka, hata polepole, kuna mahali maji yanakwenda.

Fundi wa kwanza niliyemwita aliukunja mkono wa koki kuelekea chini ili tufe liguswe na maji mapema, akapokea shilingi 10,000 yake na kuondoka. Kuukunja mkono hushusha usawa ambao maji yanapaswa kukoma, lakini hakuongezi hata kidogo nguvu ya kufunga, na matokeo yake yalikuwa kwamba kila usiku maji yalichelewa kama saa moja hivi kufika kwenye bomba la ziada, kisha yakamwagika kama kawaida. Aliporudi mara ya pili alishauri koki nyingine ya plastiki, ya aina ileile. Sina kinyongo naye, ila ningependa kuwa nilimuuliza swali moja zaidi kabla ya kupanda ngazi kwa mara ya nne.

Fundi wa pili, kijana aliyekuja kutoka Uyole na begi lake la vifaa, hakupanda ngazi kabisa siku ya kwanza. Alisalimia, akauliza tenki lina umri gani, kisha akaifunga geji ya presha kwenye koki ya uani ambayo inapata maji moja kwa moja kutoka kwenye bomba la mtaa. Ilikuwa saa kumi jioni na geji ilisoma chini kidogo ya bar 2 (bar ni kipimo cha presha). Akaniachia geji hiyo akaniomba niisome tena usiku wa manane, nami nikatoka na tochi saa sita na kukuta sindano imepita bar 5. Kesho yake nilipompa taarifa alicheka kidogo. "Mwalimu," akasema, "boya lako halina kosa. Maji yako ndiyo yana nguvu kuliko boya."

Jambo hili lina maelezo mepesi kwa yeyote anayelijua jiji letu. Mbeya imejengwa kwenye mteremko. Kutoka miguuni mwa mlima Loleza unashuka kupitia katikati ya mji hadi huku kwetu Iyunga, upande wa stesheni ya TAZARA, na maji yaliyo ndani ya bomba huongezeka presha kwa takribani bar 1 kwa kila mita 10 yanazoshuka. Mchana, watu wote wanapofungua koki zao, sehemu kubwa ya presha hiyo hupotea njiani kwa msuguano ndani ya mabomba. Usiku, jiji likilala, maji husimama na presha yote hukaa palepale, ikiisukuma raba ndogo iliyo ndani ya koki yako. Ndiyo maana fundi akija saa nne asubuhi kukagua koki huikuta nzima.

Msomaji asiyependa hesabu anaweza kuiruka aya hii, ingawa kwangu ndiyo iliyomaliza ubishi. Bar 5 ni sawa na kilo 5 hivi kwenye kila sentimita moja ya mraba. Koki yangu ya plastiki ilikuwa na tundu la milimita 6, ambalo eneo lake ni kama 0.28 ya sentimita ya mraba, kwa hiyo usiku maji yalikuwa yakiisukuma raba kwa nguvu ya kilo 1.4. Mkono wake ulikuwa na urefu wa sentimita 15 kutoka kwenye pini ambayo mkono huzunguka juu yake, na raba ilikuwa sentimita 2.5 kutoka kwenye pini hiyohiyo, maana yake mkono ulizidisha nguvu ya tufe mara sita. Basi tufe lilitakiwa kunyanyua gramu 235 hivi ili koki ifunge. Tufe lenyewe lilikuwa na kipenyo cha sentimita 8, na tufe la ukubwa huo hata likizama lote hunyanyuliwa na maji kwa gramu 268 tu. Ukitoa uzito wa tufe na wa mkono, hakibaki kitu cha kusema. Mchana, presha ikiwa bar 2, lilihitaji gramu 94 tu, nalo likizama nusu lilipata 134, kwa hiyo lilifunga bila shida. Koki ilipokuwa mpya iliweza kujikongoja hata usiku; pini ilipoanza kukaza na chembe za mchanga kukaa kwenye raba, ikashindwa.

Koki ya shaba niliyo nayo sasa ina tundu la milimita 3. Nusu ya kipenyo ni robo ya eneo, na robo ya eneo ni robo ya nguvu: gramu 350 badala ya kilo 1.4. Mkono wake ni sentimita 28, unazidisha mara kumi na moja, na tufe lake la sentimita 11 likizama nusu tu hunyanyuliwa kwa gramu 350 hivi, wakati linalohitaji ni kama gramu 32 na ziada kidogo kwa ajili ya uzito wa ule ufito wa shaba. Hapo koki ina akiba ya nguvu mara kadhaa, na akiba hiyo ndiyo niliyolipia.

Duka lenyewe linastahili sifa, hasa mama anayeuza pale kaunta, ambaye hakukasirika nilipomwambia nataka kuona tundu. Koki nyingi hazina maandishi yoyote yanayotaja kipimo hicho. Hii yangu imechongwa alama ya nusu inchi tu, ambayo ni kipimo cha meno ya kuungia bomba na haina uhusiano wowote na tundu la ndani. Alichofanya ni kuleta ncha za drili, akachomeka ya milimita 3 ikaingia, akachomeka ya 4 ikagoma. Kisha akaniruhusu kuweka mdomo kwenye upande wa bomba, kunyanyua mkono na kupuliza. Hewa isipopita, raba imekaa sawasawa. Ikipita, rudisha na uombe nyingine. Koki ya kwanza aliyonipa ilipitisha hewa, akaitupa kwenye kisanduku bila neno na kuleta ya pili. Nililitikisa tufe pia kusikiliza kama lina maji ndani au kama ungio lake limelegea.

Kuhusu shaba, niseme kidogo. Kinachoitwa shaba madukani kwa kweli ni brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, na zipo koki zinazong'aa rangi ya dhahabu ambazo si brasi wala shaba. Wengi huja na sumaku, lakini sumaku inakuambia tu kwamba kitu si chuma. Aloi (michanganyiko ya metali) za zinki zilizopakwa rangi nazo hazinasi kwenye sumaku. Kinachosaidia zaidi ni kukwaruza kwa msumari sehemu ya ndani isiyoonekana: brasi ni ya njano hadi ndani, na aloi ya zinki chini ya rangi yake ni ya kijivu. Tena brasi ni nzito mkononi. Malalamiko yangu kwa duka ni mawili madogo, kwamba hawauzi bamba la kushikilia koki kwenye ukuta wa tenki, ikabidi fundi alikate mwenyewe, na kwamba ahadi ya kubadilishiwa koki ndani ya wiki moja hutolewa kwa mdomo tu, ingawa risiti ya kodi nilipewa bila kuomba.

Kufunga kulichukua asubuhi nzima na kunigharimu shilingi 15,000 za ufundi, 12,000 za geti valvu (koki ya kufungia maji ya bomba la tenki) na 3,000 za niplo, yaani kiungio kifupi cha bomba, na tepu nyeupe. Geti valvu hiyo iliwekwa chini ya mnara unaobeba tenki, mahali ninapoweza kuifikia nikiwa nimesimama ardhini, na naiona kuwa sehemu ya lazima ya ununuzi huu. Bila hiyo kila tengenezo dogo litakulazimu kufunga maji ya nyumba nzima kule kwenye dira. Kwa kuwa koki ya shaba ni nzito na ukuta wa tenki la plastiki hunepa, fundi aliweka bamba la alumini nje na ndani, na raba pana katikati, ili uzito usambae. Koki ikiachwa inaning'inia kwenye ukuta mtupu, shimo hupanuka polepole na siku moja utakuta tenki lenyewe ndilo linalovuja.

Alipofungua mfuniko aligundua jambo ambalo mafundi wote waliotangulia, pamoja na yule aliyelipandisha tenki miaka iliyopita, hawakulisema. Koki ilikuwa imewekwa chini ya usawa wa bomba la ziada, kwa hiyo kila ilipovujisha, mdomo wake ulizama kabisa ndani ya maji. Maji ya mtaa yakikatika na bomba likabaki na utupu, maji ya tenki yanaweza kunyonywa kurudi kwenye bomba la mtaa pamoja na chochote kilichomo, mjusi aliyekufa akiwemo. Mdomo wa koki unapaswa kuwa juu ya bomba la ziada, hewa ikiwa katikati, na bomba la ziada liwe pana kuliko linaloingiza. Alichofanya ni kubadilisha nafasi zao: shimo la zamani la koki akalipanua likawa la bomba la ziada la inchi moja, na lile la juu akalipunguza kwa bamba na kuweka koki hapo. Nimepoteza lita chache za ujazo na sijazikumbuka tangu siku ile. Baada ya hapo akauweka mkono ili maji yakome sentimita mbili na nusu chini ya bomba la ziada, akiukunja kwa mikono miwili katikati ya ufito, maana ukiukunja kwa kuuvuta kutoka kwenye tufe unaipinda pini.

Usiku wa pili nyumba ilianza kugongwa. Naeleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo lililonifanya nikaribie kuirudisha koki dukani. Tenki lilipokaribia kujaa ulisikika mlio kama wa mtu anayepiga bomba kwa nyundo ya mbao, tuk, tuk, tuk, kwa nusu saa nzima, hadi watoto wakaamka. Chanzo chake ni mawimbi. Maji yanayoanguka kwa kasi hutikisa uso wa maji ya tenki, wimbi linalinyanyua tufe na koki inafunga ghafla, wimbi linapita na koki inafunguka, na kila inapofunga ghafla maji yaliyokuwa yakikimbia ndani ya bomba hujigonga. Koki ile ya plastiki haikuwahi kufanya hivyo, pengine kwa sababu haikuwahi kufunga barabara.

Nilifikiri dawa ni kuunga kipande cha bomba kwenye mdomo wa koki ili maji yashuke hadi chini bila kurusha mawimbi, lakini fundi alikataa kata kata, akinikumbusha kwamba bomba hilo likizama litarudisha ile hatari ya kunyonywa ambayo tulikuwa tumetoka kuiondoa. Badala yake alichukua kopo jipya la plastiki, kama lile la siagi ndogo, akalitoboa matundu machache, akalining'iniza kwa waya isiyoshika kutu chini ya mkono wa koki ili likae ndani ya maji muda wote. Kopo lililojaa maji halipandi wala kushuka kwa haraka, kwa hiyo linaushika mkono usicheze na mawimbi. Pia alilibana bomba la kupandia kwenye mnara kwa klipu tatu na kuirudisha geti valvu nyuma kidogo. Mlio ulikoma usiku uleule, na kwa kazi hiyo ya pili hakudai hela.

Kasoro zilizobaki ni hizi. Tenki linachelewa kujaa: zamani lilijaa kwa saa moja na nusu, sasa linachukua saa tatu na zaidi mchana, kwa kuwa tundu dogo ni tundu dogo. Kotapini iliyokuja na koki, ile pini inayoushika mkono, ilikuwa ya chuma cha kawaida, na kufikia Julai ilikuwa imeshika kutu kiasi cha mkono kuanza kukwama. Niliibadilisha kwa ya brasi iliyonigharimu shilingi mia tatu, saa moja asubuhi, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, na bado sielewi kwa nini mtengenezaji aweke chuma ndani ya tenki la maji ili kubana senti.

Hiyo kasoro ya kuchelewa isichukuliwe kwa wepesi. Dada yangu anaishi upande wa juu, karibu na miguu ya Loleza, ambako maji humfikia kwa saa chache na presha ni dhaifu. Aliposikia ninavyoisifu koki hii alinunua kama hiyo bila kuniuliza, na baada ya siku tatu tenki lake lilikuwa halijawahi kufika hata nusu. Kwake tundu la milimita 6 ndilo sahihi, na koki ya plastiki ya shilingi 7,000 inamtosha kabisa, mradi tufe lake liwe kubwa. Anayekaa juu, au anayepata maji kwa mgawo, asinunue hii ya tundu dogo. Anayekaa bondeni na kupata maji usiku kucha, asinunue nyingine.

Februari, mvua zikiwa zimekolea na maji yakiwa na mchanga mwembamba, matone yalianza tena kwenye bomba la ziada. Nilifunga geti valvu, nikapanda, nikavuta kotapini, nikauondoa mkono na pistoni, kile kipande kinachoshika raba, ikatoka yenyewe. Chembe moja ya mchanga ilikuwa imejipachika kwenye uso wa raba na kuchimba mfereji mwembamba kama unywele. Nikaigeuza raba upande wa pili, nikafuta mdomo wa tundu kwa kitambaa, nikarudisha kila kitu mahali pake, na kazi nzima ilinichukua dakika ishirini na tano pamoja na kuitafuta ngazi. Kwenye zile za plastiki raba ilikuwa imegandishwa ndani ya mwili wa koki, na chembe kama hiyo ilimaanisha kutupa koki yote.

Raba za akiba zinauzwa rejareja dukani palepale kwa shilingi 500. Mwenye kuzihitaji aende na ya zamani mkononi, kwa sababu zipo za unene tofauti zinazofanana kwa macho, na iliyo nene kuzidi huizuia pistoni isirudi nyuma ya kutosha, tenki likawa halijai kabisa. Jumapili duka halifunguliwi. Nililijua hilo baada ya kwenda, raba ikiwa mfukoni na ngazi ikiwa imeshaegemezwa kwenye mnara.